Kabla ya Kugandisha

Siku tisa zimesalia tugandishe mfumo,
na Paithoni yetu bado ni ile ile, tatu nukta tisa,
kiatu kilicholika kisigino
lakini kinaujua mguu.

Chumba ni hiki cha juu, Kibokoni.
Feni inageuka huku na huku kama mtu anayekataa kwa kichwa,
seva mbili kuukuu zimekaa juu ya meza ya cherehani ya marehemu mama,
na dirishani yaingia harufu ya mbaazi za jirani
asiyejua, wala hana haja ya kujua,
tunabishana nini.

Swabra asema twende kumi na mbili.
"Hii yetu mwakani itaachwa na wenyewe.
Likitoboka tundu nani ataliziba?
Tutashona viraka sisi, kwa mkono, kwa tochi."
Ana haki.
Tsuma yuko Kisauni, mtandao wake wa kukopa:
"Kipya kinyemi, ingawa..." akakatika.
Iliyobaki twaijua.
Methali zetu nazo hazisaidii; kila upande una yake.

Usiku nikavijenga upya vifurushi vyote,
mia nne na kumi na moja.
Vilivyokubali sikuvitazama usoni.
Kumi na saba vilikataa.
Kimoja kiliililia maktaba iliyoondolewa,
kingine kikatoa maneno mekundu kurasa tatu
kisha kikanyamaza ghafla, kama mteja wa Marikiti
aliyegundua agombana na duka silo.

Kumi na sita dawa yake naijua.
Cha kumi na saba ni Rafu,
kinachohesabu dawa kwenye zahanati moja Mtongwe:
chupa ngapi za insulini, ipi itaharibika lini.
Alikiandika Shekuwe.
Tulimzika Sarigoi mwaka wa nne huu, kwa mvua,
na simu yake mfukoni mwa shemegi yake
ikiendelea kutetema, kupokea taarifa za hitilafu.

Watu hudhani kungoja ni kukaa bure.
Kuna kijana wa Changamwe ataka moduli mpya kwa mradi wake,
huniandikia kila Jumatano
kwa adabu inayopungua.
Nikingoja, nimemjibu.

Saa nane stima ikapotea.
Kwa betri ya kompyuta, asilimia thelathini na moja,
nikaufungua msimbo wa Shekuwe,
nikashuka mstari kwa mstari, jasho likinidondokea viganjani,
hadi pale tarehe zinapogeuzwa, penye ugonjwa,
nikakuta ameacha neno:

*Hapa pana kasoro. Nitarudi Jumatatu.*

Hakusema ipi.

Asubuhi nikampigia muuguzi, Bi Mwanahalima.
Nikaanza kumweleza matoleo, maktaba, viraka.
Akanikatiza:
"Mwanangu, hayo siyajui. Nnalojua,
mwisho wa mwezi twahesabu dawa.
Mkigusa kitu kabla ya tarehe tano
ntakuja hapo kwenu na viatu vyangu."

Siku zote hizo tulikuwa twauliza toleo lipi,
tumezuru mbio za wenzetu, majedwali yao, tarehe zao za ng'ambo,
na kalenda ilikuwa ukutani Mtongwe,
imetundikwa kwa msumari, ina picha ya kampuni ya saruji.

Nikawaandikia wenzangu: tunapanda kumi na mbili.
Kugandisha tusogeze. Tarehe sita, baada ya hesabu,
na ile ya zamani tusiitupe mpaka Rafu ipite mwezi mzima.
Swabra akajibu: "Usiache mbachao," na kicheko.
Tsuma akauliza, kuweka mbili pamoja, kazi yake waijua?
Naijua. Sijalala tangu juzi.

Kasoro ya Shekuwe nimeiondoa; ilikuwa herufi nne tu.
Neno lake sikulifuta.
Chini yake nimeweka jina langu, na siku:
Alhamisi.